Pa kutafutia meno ya papa wa kale: Flag Ponds, Westmoreland, Aurora au Venice?

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kama unaishi Maryland, Virginia au Washington na una siku moja tu ya mapumziko, nenda Flag Ponds, ufuo wa Maryland, wala si hifadhi jirani ya Calvert Cliffs ambayo kila mtu anaitaja. Kama una watoto wadogo na hutaki mtoto arudi garini mikono mitupu, funga safari hadi Aurora, North Carolina. Kama tayari unakwenda Florida kwa harusi au kuwatembelea ndugu, tenga asubuhi moja ya Venice. Lakini kukata tiketi ya ndege kwenda Venice kwa ajili ya meno ya papa peke yake, huku bahari ya kale iko saa moja na nusu kutoka mlangoni kwako, siungi mkono.

Nasema hivyo kwa sababu wengi huchagua kwa jina. Wanasikia Venice inajiita mji mkuu wa meno ya papa duniani, au wanaona picha ya magenge ya Calvert, wanapakia watoto na vyakula, wanafika, wanazunguka saa mbili juani na kurudi wamenuna. Mahali penyewe si pabaya. Tatizo ni kwamba hawakuuliza tabaka lenye visukuku liko wapi hasa, maji ya siku hiyo yakoje, na wale waliokuja nao wanaweza kutembea umbali gani.

Kwa nini ni meno, si mifupa

Papa hana mifupa migumu kama changu au tasi. Kiunzi chake ni gegedu, na gegedu huoza upesi. Kinachosalia ni meno, na meno papa anayo ya kumwaga: yamejipanga safu nyuma ya safu, la mbele likidondoka la nyuma linasogea kushika nafasi, hata papa mmoja huangusha maelfu kwa maelfu katika maisha yake. Jino likitua kwenye tope la chini ya bahari na kufunikwa mapema, madini ya tope hilo hulipenya taratibu, likawa zito na rangi yake ikageuka: kijivu, kahawia, samawati iliyofifia au nyeusi tititi. Ndiyo maana jino jeupe pe uliloliokota ufukweni huenda ni la papa wa juzi tu, ilhali la kale huvaa rangi ya udongo uliolihifadhi.

Kusini mwa Maryland na mashariki mwa Virginia, udongo huo ni wa enzi ya Miosini, takriban miaka milioni 20 hadi milioni 8 iliyopita. Bahari ya Atlantiki ilikuwa imeingia bara, ya kina kifupi na yenye joto, imejaa nyangumi na pomboo. Palipo na nyangumi pana papa, na mkubwa wao alikuwa megalodoni, aliyeishi tangu miaka kama milioni 23 hadi milioni 3.6 iliyopita na ambaye jino lake kubwa kabisa hufika sentimita 18 hivi. Huyu ndiye anayewatoa watu nyumbani alfajiri. Ila ukweli ni kwamba meno yake mazima ni machache kila mahali, na mtu anayekwenda ufukweni akimtafuta yeye tu atapita juu ya meno mengine mazuri ajabu bila kuyaona.

Maryland: penye jina na penye meno

Magenge ya Calvert yanaandamana na ukingo wa magharibi wa Ghuba ya Chesapeake kwa kilomita karibu 40, na pengine yanazidi mita 30 kwenda juu. Aina zaidi ya 600 za visukuku zimetambuliwa humo. Si mwamba, ni udongo wa mfinyanzi, mchanga na matabaka ya makombe yaliyoshindiliwa, unaoweza kuumega kwa kidole. Majira ya baridi maji hugandia ndani ya nyufa na kuzipanua, mvua ya machipuko inaulainisha, mawimbi yanakula chini, na kipande kinaporomoka. Mawimbi yakishaosha udongo, meno yanabaki kwenye kokoto. Kwa hiyo kazi ya kuchimba inafanywa na ghuba yenyewe. Wewe ni muokotaji tu, na sheria inataka ubaki muokotaji.

Hifadhi ya jimbo ya Calvert Cliffs, kule Lusby, ndiyo inayotajwa na kila mwongozo. Kutoka kwenye maegesho hadi ufukweni ni kilomita 2.9 za njia ya msituni, na kurudi ni hizohizo huku mtoto amechoka na ndoo imejaa maji. Njia ni nzuri kwa kweli: inapita kando ya kinamasi chenye kasa wa maji baridi na ndege wengi. Lakini ukifika unakuta ufuo mfupi, kwa sababu eneo lote lililo chini ya magenge limefungwa kwa watu. Limefungwa kwa haki. Udongo ule huanguka bila kutoa taarifa, na miti mizima hushuka nao. Ndani ya magenge hayo anaishi pia mbawakawa adimu ambaye serikali ya Marekani imemweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini tangu 1990. Sasa piga hesabu: ufuo mfupi, umechunguzwa na watu chungu nzima tangu asubuhi, baada ya kutembea karibu kilomita tatu. Wikendi za kiangazi maegesho hujaa mapema na lango linafungwa. Nenda Calvert Cliffs kwa ajili ya msitu na kuyaona magenge. Kwa meno, kuna pa karibu panapokulipa zaidi.

Hapo ni Flag Ponds, kilomita chache kaskazini, bustani inayosimamiwa na kaunti. Kutembea ni mita 800 hivi, na ufuo ni mpana na mrefu. Hakuna genge la kukuangukia kichwani pale unapookotea, maana mkondo wa maji umelundika mchanga mbele yake na unaleta kokoto kutoka kwenye magenge ya jirani. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1955 wavuvi walikuwa na kambi hapo, wakitega nyavu za uzio, jamaa ya wando wa kwetu, na samaki wakipelekwa Baltimore. Kibanda chao kimoja bado kimesimama. Kiingilio kinalipwa kwa gari, na gari la mtu wa kaunti hulipa pungufu. Siku za kufunguliwa hubadilika kulingana na msimu, basi angalia kabla ya kuondoka.

Meno ya Flag Ponds kwa kawaida ni madogo, mengi chini ya sentimita 2.5. Mtu akikwambia ameokota meno kumi ya aina tofauti kwa asubuhi moja, mwamini. Akikwambia megalodoni huokotwa kila wiki, achana naye. Hata hivyo hutokea: siku ya Krismasi ya 2022, msichana wa miaka 9 aliyekuwa akitembea ndani ya maji ya baridi pwani hiyo ya Calvert aliinua jino la megalodoni la karibu sentimita 13. Angalieni alichofanya: alikwenda wakati wa baridi, aliingia majini, na aliangalia chini.

Ushauri wa zamani unaozunguka mtandaoni hukuelekeza pia Brownie's Beach, katika mji wa Chesapeake Beach. Pamewekwa masharti ya kuwapendelea wenyeji. Uliza ofisi ya mji kwanza, usije ukageuzwa getini.

Jambo moja zaidi linaipa Maryland uzito katika mizani yangu. Kusini kidogo, Solomons, kuna Calvert Marine Museum, na humo kiunzi kilichotengenezwa upya cha megalodoni kinaning'inia urefu wa zaidi ya mita 10. Mtoto aliyeshika jino la sentimita moja asubuhi, akisimama mchana chini ya taya zile, anaelewa kitu ambacho hakuna maelezo ya mzazi yangemwelewesha. Asubuhi ufukweni, mchana makumbusho: siku ya namna hiyo Venice haikupi.

Virginia na ule mto

Westmoreland, mojawapo ya hifadhi sita za kwanza za jimbo la Virginia zilizofunguliwa 1936, iko kando ya mto Potomac, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Washington. Udongo wake ni ndugu wa ule wa Calvert, na papa ni walewale. Ufuo wake wa visukuku unafikiwa kwa njia ya kilomita moja hivi, inayoteremka kwenda na kupanda kurudi. Ni ufuo mdogo. Kinachoifanya ishinde kwa baadhi ya watu ni vibanda vya kulala na uwanja wa kupiga mahema: unalala humohumo, unatangulia ufukweni kabla ya wageni wa mchana hawajaingia. Kwa familia mbili tatu zinazotaka wikendi nzima pamoja, nyama ikichomwa jioni, ningeichagua mbele ya Flag Ponds. Kwa siku moja ya kwenda na kurudi, hapana.

Upande wa Maryland wa mto huohuo, katika kaunti ya Charles, kuna sehemu iitwayo Purse. Hapa hadithi ni nyingine kabisa. Udongo ni wa Paleosini, takriban miaka milioni 60, kabla megalodoni hajakuwapo. Meno yake ni membamba na marefu, mengine na vijino vidogo pembeni kama walinzi. Hakuna choo, hakuna duka, na maji yakijaa hakuna hata ufuo wa kusimama. Nampendekezea mtu aliyekwisha kuizoea kazi hii na anayetaka umri mwingine mkononi. Usimpeleke mama mkwe.

Venice: mengi, madogo, meusi

Venice ya Florida iko kwenye Ghuba ya Meksiko, mwendo wa saa moja na robo kusini mwa Tampa. Tofauti yake kubwa na Maryland ni kwamba hakuna ukuta wa udongo. Tabaka lenye meno liko chini ya bahari, mbele ya pwani, na mawimbi huyang'oa na kuyasukuma polepole hadi ufukweni. Yanafika yamesuguliwa, mengi yamepoteza mzizi, karibu yote meusi, na mengi hayazidi sentimita 2. Lakini ni mengi. Ufuo wa Caspersen, kusini mwa uwanja mdogo wa ndege wa mji, na ule ulio kwenye gati la wavuvi ndiyo maarufu. Wenyeji hutumia kikapu cha waya chenye mpini mrefu: unasimama maji yakiwa magotini, unachota kokoto pale wimbi linapovunjika, unatikisa, unaangalia. Maduka ya mjini huuza na kukodisha.

Kama unatafuta furaha ya kuokota kitu kila baada ya dakika chache, hakuna pwani ya kawaida inayoishinda Venice. Maji ni ya vuguvugu, hakuna kilima, hakuna msitu wenye kupe, na bibi anaweza kuweka kiti chake mchangani akawaangalia wajukuu. Nikilinganisha jino na jino, hata hivyo, la Calvert lina uzuri zaidi: mzizi mara nyingi upo, msumeno wa ukingoni bado unakwaruza ukucha, rangi zinatofautiana. La Venice limesafiri sana.

Kuna mawili ya kuangalia. La kwanza ni vimbunga. Helene ilipita mbele ya pwani hiyo mwishoni mwa Septemba 2024, kisha Milton ikatua Siesta Key, jirani tu na Venice, tarehe 9 Oktoba. Fukwe za eneo lote zilibadilika sura, maegesho na njia zikaharibika. Mchanga unaomwagwa kuufidia ufuo nao hubadilisha mambo, maana unaweza kuyafunika meno kwa msimu mzima. Hakikisha sehemu unayoitaka iko wazi, na uulize hali ya mchanga wiki hiyo. La pili ni samaki taa. Hujificha mchangani kwenye maji mafupi ya joto, kama walivyo kwetu, na dawa ni ileile: buruza miguu, usiinyanyue.

Sheria ya Florida ni rahisi kwa mtafuta meno. Visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo katika ardhi ya jimbo vinahitaji kibali cha Florida Museum of Natural History, lakini meno ya papa yameondolewa katika sharti hilo. Ukiokota mfupa, ni habari nyingine. Kibali chenyewe ni cha dola chache kwa mwaka, na hapa ndipo Peace River inapoingia. Mto huu uko bara kidogo, unapita Wauchula na Arcadia, na humo unaruhusiwa kuchimba chini ya maji kwa beleshi na kuchekecha. Meno makubwa ya megalodoni yanapatikana huko kuliko ufukweni, pamoja na mabaki ya mamuthi, farasi wa kale, na mbavu za nguva zilizogeuka jiwe, nzito na nyeusi, nyingi kupita kiasi. Nguva! Mnyama ambaye wavuvi wa Lamu na Rufiji wanamjua kwa jina, mbavu zake ziko kwenye mto wa Florida. Nenda kiangazi chao, yaani kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei, mto ukiwa chini. Mvua zikishaanza maji hupanda na kuwa meusi, na huoni unapokanyaga. Kuna aligeta, jamaa ya mamba. Wengi wao hukaa mbali na kelele za watu, ila mtoto asiachwe ukingoni peke yake.

Kwa anayelitaka jino kubwa kweli, mpangilio wangu ni huu: kwanza kuzamia mbele ya Venice na nahodha mwenye leseni, kama una cheti cha uzamiaji, kisha Peace River, kisha Calvert wakati wa baridi. Ufuo wa Venice wenyewe unakuja mwisho.

Aurora, ambako mtoto hakosi

Aurora si pwani. Ni mji mdogo wa North Carolina karibu na mgodi mkubwa wa fosfeti, na udongo wa mgodi uliojaa visukuku humwagwa mbele ya makumbusho ya mji, Aurora Fossil Museum, ili watu wachimbe bure. Mtoto wa miaka minne anakaa juu ya lundo na kijiko chake cha plastiki, na ndani ya nusu saa ana meno. Hakuna wimbi, hakuna genge, choo kiko hapo hapo. Kutoka Washington ni saa tano au sita, kwa hiyo ni safari ya kulala. Wapo wanaosema huko ni kurahisisha mno. Mimi naona ni shule bora kuliko zote: jicho la mtoto likishazoea umbo la jino pale kwenye lundo, siku ukimpeleka Flag Ponds ataona kabla yako.

Maji na upepo

Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja ana mazoea ambayo huku yatampoteza. Kwetu maji ya bamvua hupwa hadi unatembea kwenda mwambani, tofauti ya mita tatu au nne kati ya kujaa na kupwa. Katika Ghuba ya Chesapeake, pale Calvert, tofauti hiyo ni kama sentimita 30 hadi 40. Ratiba ya maji peke yake haitoshi. Kinachotawala ni upepo. Upepo mkali wa kaskazini-magharibi ukivuma siku moja au mbili, hasa majira ya baridi, huyasukuma maji nje ya ghuba, na ufuo uliokuwa chini ya maji unatokeza. Upepo wa mashariki huleta mawimbi yanayopasua udongo, lakini siku yenyewe unavuma hupati kitu, kwani maji yanapiga hadi chini ya genge. Siku bora ni ile inayofuata: dhoruba imepita, upepo umegeuka, maji yamerudi nyuma.

Venice mawimbi ndiyo hulisha ufuo, hivyo nako ni baada ya dhoruba, maji yakiwa yamepwa na bahari imetulia vya kutosha kuona chini. Aurora haijali lolote katika haya.

Kwa msimu, Maryland na Virginia ninazipenda Februari hadi Aprili. Udongo umeporomoka, watu ni wachache, konyeza hawajafika. Julai na Agosti konyeza hujaa ghubani, na mguu uliowashwa humaliza hamu ya mtoto kwa mwaka mzima. Vaa mabuti ya mpira marefu, vaa soksi mbili. Venice ni ya majira ya baridi na machipuko, kabla ya joto kali na kabla ya msimu wa vimbunga unaoanza Juni.

Kwa walioko Uingereza

Haya yote ni ya Marekani, ila ndugu wa London msikate tamaa. Beltinge, karibu na Herne Bay katika Kent, ina meno ya papa wa zaidi ya miaka milioni 50, na huko bamvua mnayoijua ina maana yake kamili: nendeni maji yakipwa kabisa, wakati wa baridi au mapema machipuko, mkatafute juu ya udongo na changarawe iliyo wazi kwa muda mfupi tu. Walton-on-the-Naze, Essex, ni chaguo la pili. Magenge yake ni mazuri ila yanaanguka, na maji yakirudi yanaweza kukuzibia njia. Nikichagua kati ya hizo mbili kwa ajili ya meno, ni Beltinge. Garimoshi linafika Herne Bay, na asiye na gari hahitaji kumwomba mtu.

Jinsi ya kuliona

Pwani zote hizi jicho lina kazi moja. Usitafute jino, tafuta mng'ao na pembetatu. Tembea pole kwenye ule ukanda ambapo wimbi linaacha kokoto, jua likiwa mbele yako na chini, ili gamba la jino likumetemete. Kipande cha kombe jeusi kitakudanganya mara nyingi. Kishike: kombe lina mistari au mkunjo na kingo zake ni butu popote. Jino lina pande mbili tofauti, upande mmoja bapa na mwingine umebenuka kidogo, laini kama kigae kilichong'arishwa, na mahali gamba linapokutana na mzizi pana mstari ulio wazi, mzizi ukiwa hauna mng'ao na una vitundu vidogo.

Mfano ni jino la *Hemipristis serra*, ninalolipenda kuliko yote ya Calvert. Linatosha juu ya ukucha wa kidole gumba au kuzidi kidogo. Limepinda upande mmoja, na ukingo wake wa nje una misumeno mikubwa inayoonekana bila miwani, ikikua kadiri inavyopanda, kisha inakoma ghafla kabla ya ncha, ikaacha ncha tupu kali. Papa huyu alishika kwa ncha na kukata kwa msumeno. Karibu naye utaokota vijiti vyeusi vyenye mifereji: ni vipande vya mabamba ya meno ya taa, waliosaga makombe kwa mabamba hayo. Wengi huvitupa. Viweke.

Chekecheke la jikoni la waya linatosha kwa kuanzia Maryland. Usinunue vifaa vya bei hadi ujue kama familia itarudi tena. Na usilete jembe Calvert wala Westmoreland.

Nani aende wapi

Watoto chini ya miaka sita: Aurora, au Venice kama mko Florida. Watoto wa shule: Flag Ponds na makumbusho ya Solomons siku hiyohiyo. Wazazi waliokuja kutembea kutoka nyumbani, wenye magoti yanayouma: Venice, maana unashuka garini karibu na mchanga. Flag Ponds inafuata, mkienda taratibu. Vijana wenye nguvu na wikendi tupu: Westmoreland kwa mahema. Mwenye gari tu na hana hela ya kiingilio: Purse, lakini aangalie maji kwanza. Kwa mwanafunzi asiye na gari Maryland ni ngumu, hakuna basi la maana linalofika fukwe hizi. Jazeni gari la mmoja wenu mchangie mafuta.

Ukiona mfupa mkubwa umetokeza kwenye ukuta wa udongo wa Calvert, usiuguse hata kama uko usawa wa mkono. Piga picha, kumbuka mahali, wapelekee wataalamu wa makumbusho ya Solomons. Mafuvu ya nyangumi na pomboo yaliyomo mle yamefika kwa njia kama hiyo, kutokana na watu wa kawaida waliotoa taarifa.

Ruhusa hizi za kuokota ukaondoka nacho ni za fukwe hizi. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 na Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na zote mbili zinalinda visukuku: huchimbi, huchukui wala husafirishi nje bila kibali. Majabali ya matumbawe ya pwani ya Kenya ni miamba ya bahari ya miaka zaidi ya laki moja, na kule bara ya Lindi, Tendaguru, Wajerumani walichimba dinosaria kati ya 1909 na 1913, mmoja wao akasimamishwa Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Watoto waliojifunza kuokota Flag Ponds waambiwe tofauti hiyo kabla ya likizo. Ukiona kombe au tumbawe ndani ya jabali pale Mombasa au Unguja, wapige picha wakiwa wamesimama mbele yake, na kinachofanana na mfupa mkiripoti kwa makumbusho ya taifa ya nchi mliyopo.